Wastani wa siku saba: maana yake na jinsi ya kuukokotoa mwenyewe

Grafu nyingi za UVIKO-19 zilikuwa na vijiti vinavyopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na juu yake mstari uliotulia. Mstari ule ndio wastani wa siku saba: visa vipya vya leo vinajumlishwa na vya siku sita zilizotangulia, kisha jumla inagawanywa kwa saba. Kesho yake siku ya zamani zaidi inatoka, mpya inaingia, hesabu inarudiwa.

Kwa nini saba? Virusi havijui Jumapili, ila maabara na ofisi zinaijua. Wikendi wanaopimwa hupungua na taarifa huchelewa, halafu siku za kazi taarifa hizo zinamiminika kwa mkupuo. Tuseme Jumapili vimeripotiwa visa 40 na Jumanne 310. Anayelinganisha siku hizo mbili atadhani ugonjwa umelipuka. Siku saba mfululizo, uanzie popote, zina Jumapili moja na Jumanne moja, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa kalenda kunafutika. Ukitumia siku tano, hakufutiki.

Takwimu za kujaribia zipo bure. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikusanya za dunia nzima kuanzia tarehe 22 Januari 2020 hadi 10 Machi 2023, na faili zake za CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu) zinafunguka kwenye Excel au lahajedwali jingine lolote. Tahadhari: namba zile ni jumla tangu mwanzo, si za kila siku, na tarehe zimepangwa kwenda kulia. Chukua nchi moja, zigeuze zishuke chini: tarehe safu A, jumla safu B, kuanzia mstari wa pili. Kwenye C3 andika =B3-B2, upate visa vipya. Kwenye D9 andika =AVERAGE(C3:C9). Buruta fomula zote mbili hadi chini, kisha chora C kwa vijiti na D kwa mstari.

Ukikuta namba hasi usishtuke. Kuna nchi zilizopunguza jumla baada ya kusahihisha rekodi. Kinachowapotosha wengi zaidi ni uchelewaji. Wastani huu unatazama nyuma, hivyo kilele unakionyesha siku kama tatu baada ya kupita. Wengine huuandika kwenye siku ya katikati, yaani ya nne, badala ya ya mwisho. Ndiyo maana grafu mbili za nchi ileile zinaweza kupishana siku tatu bila yeyote kukosea hesabu.