Sahani Tupu Si Ushahidi: Dhana Potofu Kuhusu Maabara ya Vijidudu Kiwandani

Ukisema unafanya kazi maabara ya vijidudu kwenye kiwanda cha dawa, watu hudhani mengi. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

“Kutwa wameinamia hadubini.”
Hadubini ipo, lakini siku kadhaa hupita bila kuguswa. Asubuhi kazi ya kwanza ni kusoma joto la inkubeta, yaani sanduku la joto maalum la kuoteshea vijidudu: ya bakteria iwe kati ya nyuzi 30 na 35, ya fangasi kati ya 20 na 25. Joto likiwa limetoka nje ya hapo usiku, kila sahani ya kuoteshea iliyomo inatiliwa shaka. Kisha unavaa gauni na kofia, unazunguka kiwandani kuchota maji. Mdomo wa bomba unapulizwa spiriti ya asilimia 70, maji yanaachwa yatiririke kwanza, ndipo kifuniko cha chupa iliyotakaswa kinafunguliwa. Maji yaliyosafishwa ya kutengenezea sirapu hayatakiwi kuzidi vijidudu 100 kwa mililita moja. Baada ya hapo ni kuandika. Wallahi, kuandika kunakula muda kuliko kupima.

“Dawa nzuri haina kijidudu hata kimoja.”
Kwa sindano, dripu na matone ya macho, sawa. Sirapu ya maji inaruhusiwa hadi bakteria 100 na fangasi 10 kwa mililita. Kisichosamehewa ni aina fulani: E. coli, bakteria wa utumbo, haitakiwi kuonekana kabisa kwenye mililita moja.

“Sahani ikibaki tupu, dawa imepita.”
Hapa ndipo wengi hupotea, hata wanafunzi wanaokuja mafunzoni. Sirapu ina vihifadhi, na kazi ya kihifadhi ni kuzuia vijidudu visiote. Ukichanganya dawa na agari, ule uji mgando wenye chakula cha vijidudu, hivi hivi, kihifadhi kinaendelea na kazi yake ndani ya sahani. Hakuna kinachoota, nawe unaandika sifuri. Ile sifuri inaweza kuwa uongo.

Kwa hiyo dawa inazimuliwa, inatiwa polisobeti 80 na lesithini ili kihifadhi kipoe nguvu. Halafu unathibitisha kwamba kweli kimepoa: unapandikiza kwa makusudi vijidudu hai visivyozidi 100, mathalani bakteria Staphylococcus aureus au fangasi Candida albicans, kwenye dawa iliyozimuliwa, na vingine vya idadi ileile mahali pasipo na dawa. Baada ya kuotesha unahesabu koloni, yaani madoa ya vijidudu vilivyoota, za pande zote mbili. Upande wa dawa usipungue nusu ya ule mwingine, wala usizidi mara mbili yake. Penye dawa zikiota koloni 12 na pasipo na dawa 60, njia yako haifai, rudi mezani.

Agari nayo inajaribiwa kila inapopikwa au kununuliwa, maana agari iliyoungua haioteshi kitu. Na pembeni huwekwa sahani isiyotiwa dawa wala kijidudu. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubaki tupu. Ikiota, tatizo liko kwetu, si kwa dawa.

“Ikifeli wanarudia mpaka ipite.”
Hapana. Kwanza ni uchunguzi: nani alipima, mikono yake ilikuwaje, hewa ya kabati la kupimia, ile sahani ya pembeni. Jibu la kwanza halifutwi mpaka upatikane ushahidi wa kosa la maabara.

“Majibu yapo kesho.”
Watu wa mauzo hupiga simu siku ya pili. Sahani za bakteria husomwa siku ya 3 hadi ya 5, za fangasi siku ya 5 hadi ya 7. Kipimo cha utasa wa sindano, yaani cha kuangalia kama haina kijidudu hai chochote, ni siku 14, na hakuna bosi wa kuziharakisha.

“Sampuli zikipita kipimo cha utasa, bechi nzima ni salama.”
Piga hesabu. Tuseme chupa 1 katika kila 100 ina uchafu, nawe unachukua 20 kutoka kwenye bechi kubwa. Uwezekano wa kuikosa chupa mbovu ni kama asilimia 82. Kipimo kinakamata maafa makubwa, madogo yanapita.

Mwaka 1972, Devonport, Uingereza, wagonjwa walifariki baada ya kutundikiwa dripu zenye bakteria. Otoklevu ya kiwandani, yaani mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, ilibakiza hewa sehemu ya chini, hivyo chupa zilizokuwa huko hazikupata joto la kutosha. Ndiyo maana mchunguzi wa leo anashughulika sana na mambo yaliyo nje ya chupa: sahani za agari zilizoachwa wazi kwenye chumba cha kujazia kwa muda usiozidi saa 4, alama za vidole vya glavu za mjazaji juu ya agari, na spora (mbegu zilizolala) za bakteria Geobacillus stearothermophilus, sugu kwa joto, zinazofichwa kwenye kona za otoklevu ambazo joto hufika kwa shida. Spora hizo zikitoka hai, mzigo hautoki, hata kama chupa zote 20 ni safi.