Joto likizidi, si apande juu tu?

Ukivuka kwenda kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria, asubuhi, utawakuta pimbi wamejilaza juu ya mwamba, matumbo yamegandana na jiwe, wanaota jua. Ndiyo maana hapa Mwanza ukisema kuna mnyama mdogo wa milimani anayeuawa na joto, utajibiwa: "Si apande juu kidogo?"

Mnyama mwenyewe anaitwa pika (jina tu, halihusiani na jiko). Ni jamaa ya sungura, ana gramu 150 hivi, manyoya mazito hadi nyayoni, na anaishi kwenye mawe ya milima ya magharibi mwa Marekani. Mchana wa nyuzi 26 au 28, ambao sisi tunauita wa kawaida, unaweza kumuua kwa saa chache akikosa pa kujificha. Basi anajibanza chini ya mawe penye ubaridi. Ila muda wa kujificha si muda wa kukusanya nyasi, na majira ya baridi yote anaishi kwa nyasi alizokausha na kuzirundika. Isitoshe, theluji ndiyo blanketi lake: ikipungua, anakufa kwa baridi. Ndiyo, ongezeko la joto duniani linaweza kumuua kwa baridi.

Na huko juu? Mlima unachongoka. Ukifika kileleni umefika, na bonde la joto linalotenganisha mlima na mlima ni kwake kama ziwa lilivyo kwa pimbi wa Saanane. Katika nyanda kame za Great Basin, huko huko magharibi mwa Marekani, baadhi ya makazi yake ya chini yamebaki mawe na vinyesi vikavu.