Je, wajua kwa nini mchezaji wa tenisi anaweza kucheza fainali ya Wimbledon na bado akashuka nafasi?

Jumamosi ya Julai 9, 2022, Ons Jabeur wa Tunisia aliingia uwanjani Wimbledon kucheza fainali na Elena Rybakina wa Kazakhstan. Tangu tenisi ifungue milango kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika aliyewahi kucheza fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, Wimbledon ikiwamo, upande wa mchezaji mmojammoja. Jabeur alichukua seti ya kwanza, akapoteza mbili zilizofuata. Jumatatu orodha ya ubora duniani ikatoka. Aliyekuwa wa pili sasa alikuwa wa tano.

Sisi tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, Magomeni. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka kumi na moja na ndiyo kwanza ameanza kushika raketi, akanigeukia: "Mjomba, hii imekaaje? Amefika fainali halafu wamemshusha?" Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Nimelitafuta, na nilipolipata nikaona kwamba ndani yake mna karibu maisha yote ya kazi ya mwanamke anayecheza tenisi ya kulipwa.

Pointi za tenisi huisha muda. Kila pointi ina wiki 52 tu za kuishi.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapo. Unampa mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima, unahamia, unapaka rangi, unaweka mapazia. Mwaka ukitimia, mapazia hayakusaidii kitu. Ama utoe kodi nyingine, ama utafute chumba kinacholingana na mfuko wako. Mchezaji anayefika fainali ya Grand Slam amelipia pointi 1,300 za mwaka mmoja. Mwaka unaofuata, wiki ileile ya mashindano yaleyale, pointi hizo zinaondolewa na kuwekwa zile alizopata safari hii. Wenyewe wanaita kutetea pointi.

Ndiyo maana ligi yetu ya mpira haitusaidii kuuelewa mchezo huu. Ligi Kuu ikianza, Simba, Yanga na timu iliyopanda daraja juzi wote wana sifuri, na kila mtu anajua msimu umeanza. Orodha ya tenisi haina siku ya wote kurudi sifuri. Ni hesabu inayotembea, na kila wiki kuna mtu ambaye kodi yake imeisha. WTA, chama cha tenisi ya wanawake kilichoanzishwa mwaka 1973 Billie Jean King akiwa mbele, hujumlisha matokeo 18 ya mchezaji ndani ya wiki hizo 52. Kwa walio juu baadhi ya mashindano ni ya lazima, na asiyefika bila sababu inayokubalika huandikiwa sifuri.

Sasa turudi kwa Jabeur. Mwaka 2021 alifika robo fainali Wimbledon na kupata pointi 430. Julai 2022 pointi hizo zilifika mwisho wake. Kwa kawaida angeweka 1,300 za fainali mahali pake na kupanda. Lakini mwaka ule waandaaji wa Wimbledon waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine, na WTA ikajibu kwa kuyanyima mashindano hayo pointi. Kwa hiyo Jabeur alitoa 430 na kuingiza sifuri. Rybakina, bingwa mwenyewe, aliondoka na pauni milioni mbili na kombe, akabaki nafasi ya 23 aliyokuwa nayo kabla hajafika London. Naamini wachezaji walidhulumiwa. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, na waliokatwa jasho lao ni wasichana waliokuwa uwanjani.

Septemba mwaka huohuo Jabeur alifika fainali ya US Open, Grand Slam ya Marekani, na safari hii pointi zilihesabiwa. Akarudi nafasi ya pili.

Mfano wa Emma Raducanu wa Uingereza unaonyesha jambo lilelile kwa ukali zaidi. Mwaka 2021, akiwa na miaka 18 na nafasi ya 150, alianzia US Open kwenye mechi za mchujo, zile wanazocheza watu wasio na nafasi ya moja kwa moja. Alishinda mechi kumi mfululizo bila kupoteza hata seti moja, na akawa bingwa. Alipata pointi 2,040, akaruka hadi nafasi ya 23. Baada ya mwaka mmoja alirudi New York akiwa wa 11 duniani, akatolewa raundi ya kwanza na Alizé Cornet wa Ufaransa. Pointi 2,040 zikatoka, zikaingia 10. Orodha iliyofuata ilimkuta nafasi ya 83. Watu waliandika kwamba kiwango chake kimeporomoka. Mechi aliyopoteza ilikuwa moja. Iliyoporomoka ni kodi ya wiki mbili za mwaka uliopita, ambayo ilikuwa imebeba karibu nyumba yote.

Lakini wanaotaabishwa zaidi na hesabu hii hatuwaoni kwenye televisheni. Chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanawake kuna mashindano yanayoitwa W15, maana zawadi zake zote kwa pamoja ni dola 15,000, wagawane wachezaji wote, wa mmojammoja na wa wawiliwawili. Bingwa hupata pointi 15. Ukishinda mechi ya kwanza tu, pointi moja. Ukitolewa mechi ya kwanza hupati pointi yoyote, unaondoka na dola zinazokaribia 150 ambazo hazifikii hata hoteli uliyolala. Monastir, kule Tunisia kwa akina Jabeur, mashindano haya hufanyika karibu kila wiki, na Misri nayo huyaandaa mara nyingi. Msichana wa Dar anayeyataka lazima apande ndege, atafute visa, alipe chumba, achukue nyuzi za raketi za kutosha na, kama ana bahati, amchukue na kocha.

Piga hesabu hii polepole. Tuseme msichana huyo ameshinda W15 kumi na nane ndani ya mwaka, jambo ambalo mwili wa mtu hauliwezi. Kumi na nane mara kumi na tano ni 270. Pointi hizo zisingemfikisha hata kwenye 200 bora. Lazima apande ngazi: W35, W50, W75, W100, kisha mashindano ya WTA yenyewe. Na kila ngazi anapokelewa kwa nafasi yake kwenye orodha, orodha ambayo kila Jumatatu inamdai pointi za mwaka jana.

Kuna mstari mmoja ambao wachezaji wote wanaujua. Grand Slam ina nafasi 128, na 104 kati yake huenda moja kwa moja kwa walio juu kwenye orodha. 16 hutoka kwenye mchujo, 8 ni za mwaliko maalumu. Mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza US Open alilipwa dola 110,000. Kwa hiyo mchezaji wa 95 anaweza kupoteza mechi nne kwa mwaka, moja kila Grand Slam, na bado akawa na hela ya kocha, ya daktari wa viungo na ya ndege. Wa 250 anashinda wiki hadi wiki na bado anakopa nauli. Kati yao tofauti ya uwezo wa kupiga mpira ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Hapa nyumbani Afrika Mashariki tuna wa kumtazama. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, alichukua ubingwa wa wasichana wawiliwawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa kombe la Grand Slam kabla yake. Ila pointi za vijana haziendi naye kwenye orodha ya wakubwa. Kule kila mtu huanza upya, bingwa wa vijana wa Wimbledon naye akiwamo. Machi 2024 Okutoyi alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, na dhahabu hiyo ilimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris kwa sharti moja: awe ndani ya 400 bora itakapofika Juni. Hakufika. Bingwa wa Afrika akaangalia Olimpiki kwa mbali. Mpwa wangu alilia siku aliyoelewa jambo hilo, nami sikumwambia anyamaze.

Je, mchezaji akiumia au akijifungua? Pointi hazimsubiri, zinaisha kama kawaida. Serena Williams aliondoka kwa uzazi mwaka 2017 akiwa kileleni mwa orodha. Aliporudi Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, Mei 2018 orodha ilimweka nafasi ya 451. Utaratibu uliokuwapo ulimruhusu kuingia mashindanoni kwa nafasi yake ya zamani, lakini haukumpa ulinzi walio nao wachezaji 32 wanaopangwa wasikutane mapema. Wimbledon wakaamua wenyewe kumpanga wa 25 japo alikuwa wa 183, na akafika fainali. Mjadala ule ndio uliozaa kanuni mpya za mwaka 2019: mama anayerudi anaweza kutumia nafasi yake iliyohifadhiwa hadi miaka mitatu baada ya kujifungua, na kama nafasi hiyo ingemweka kwenye kundi la wanaolindwa, hapangwi na mmoja wao kwenye mechi yake ya kwanza. Machi 2025 ikaongezwa likizo ya uzazi yenye malipo, hadi miezi 12. Miaka 52 tangu chama kianzishwe! Nafurahi imekuja, na nasikitika kwa mama wote waliostaafu kabla haijaja.

Kuna anayeuliza kwa nini wasiachane na hesabu hii ya kikatili. Kabla ya Novemba 1975, orodha ya kwanza ya kompyuta ilipotoka na Chris Evert akiwa namba moja, mwandaaji aliweza kumwalika anayempenda na kumwacha asiyemjua. Ukiacha zile nafasi chache za mwaliko, orodha haimjui mtu. Msichana wa Mbagala mwenye pointi 300 ataingia mbele ya binti wa tajiri mwenye 299, na hakuna wa kupigiwa simu. Ninachokipigania ni fedha zaidi kule chini, ili msichana huyo awahi kuzifikia hizo 300.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha tatu, na hufanya mazoezi Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa mbili anazozijua vizuri. Umri wa kuanza mashindano ya kulipwa ni miaka 14, ameshaupita. Juzi alikuja na daftari. Amegundua kwamba ili jina liingie kwenye orodha ya WTA unahitaji pointi kutoka mashindano matatu tofauti, au jumla ya pointi kumi. Nairobi wameshawahi kuandaa mashindano ya ngazi za chini, na Nairobi ni basi tu kutoka stendi ya Magufuli kupitia Namanga, haihitaji ndege wala visa. Akaandika: mechi moja nishinde, wiki ya kwanza. Mechi moja, wiki ya pili. Mechi moja, wiki ya tatu.

"Mjomba, ni mechi tatu tu."

Pembeni ya kila mechi alikuwa ameshaandika tarehe ambayo pointi yake itaisha.