Usonji katika familia za Wamarekani Weusi: msaada unaoanzia kwenye kitana

Mama Mweusi anayenipokea nyumbani kwake hapa Carolina Kaskazini, mara nyingi hana haja ya kuambiwa kwamba mwanawe ana jambo. Aliliona zamani, akalisema, akajibiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kuongea. Mwaka 2020 mtafiti John Constantino na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto 584 Wamarekani Weusi wenye usonji (autism kwa Kiingereza). Kwa wastani, watoto hao walikuwa wamevuka miaka mitano ndipo wakathibitishwa kuwa na usonji, zaidi ya miaka mitatu tangu wazazi waanze kutia shaka. Miaka hiyo mitatu ndiyo hasa ambayo mimi, mtaalamu wa usemi na lugha kwa watoto wadogo, ningekuwa nimekaa nao sakafuni tunacheza.

Kwa hiyo siku ya kwanza faili hukaa pembeni. Namuuliza mama: uliona nini kwanza, lini, na ulimwambia nani? Majibu nayaandika kwa maneno yake mwenyewe, kisha namsomea. Wengine husita wakifika kwenye hasira za mtoto, na wana sababu. Mtafiti David Mandell alionyesha, kwa watoto wa Philadelphia, kwamba Weusi walikuwa wepesi kupachikwa tatizo la tabia kabla ya kuitwa wenye usonji. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011–12 nazo zinasema watoto Weusi walikuwa asilimia 18 ya wanafunzi wa shule za awali, lakini asilimia 48 ya waliosimamishwa zaidi ya mara moja. Mama anajua neno "mkorofi" likishaingia kwenye karatasi halitoki kirahisi.

Baada ya hapo ndipo tunapanga malengo, na hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tunakuja na malengo yetu ya mezani: apange vitofali vya kuchezea, aonyeshe picha ya ng'ombe. Mama anawaza Jumamosi, siku ya nywele. Mtoto ambaye ngozi ya kichwa chake haivumilii kuguswa, akiwa na nywele za kipilipili zinazohitaji kuoshwa, kuchambuliwa na kusukwa, atapiga mayowe mpaka majirani wasikie. Nywele zisiposhughulikiwa, mama anajua atakavyotazamwa kanisani, na hata na walimu.

Basi lengo linakuwa hilo. Tunabandika picha nne ukutani: maji, mafuta, kitana, mikia ya nywele. Kila hatua ikiisha, mtoto anabandua picha yake. Kabla ya kuanza, bibi yake anamkandamiza kichwa kwa viganja, taratibu lakini kwa uzito, maana mguso mwepesi ndio unaomkera. Nywele zinalowanishwa vizuri, kitana kinaanzia kwenye ncha, na anayechana anashika shina ili mvuto usifike kwenye ngozi. Mtoto ana kadi ya "subiri", na akiinyanyua mkono unasimama kweli. Hapo anajifunza kuomba, kukataa na kungoja zamu, mambo yale yale niliyokuwa nikiyatafuta kwenye vitofali. Mbinu ya kugawa nywele ni ya bibi. Mimi nimeleta picha tu.

Kuna lengo lingine ambalo wazazi Weusi hulitaja kwa sauti ya chini: polisi. Julai 2016, huko North Miami, askari alimpiga risasi mguuni Charles Kinsey, mhudumu Mweusi aliyekuwa amelala chali barabarani, mikono juu, akimtuliza kijana mwenye usonji aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Wazazi wanalikumbuka tukio hilo. Baba akiniomba tumfundishe mtoto wa miaka mitatu kusimama akisikia "simama", simhubirii kuhusu uhuru wa mtoto. Tunaufanya mchezo wa kukimbia na kuganda, uani.

Inasaidia pia wazazi wakikaa na wazazi wenzao. Mtafiti Jamie Pearson aliandaa mafunzo yaitwayo FACES kwa familia Nyeusi zenye watoto wenye usonji, ya kuwapa maarifa na nguvu ya kujitetea mbele ya shule na kliniki. Mzazi aliyekwisha kupita njia hiyo husikilizwa kuliko mimi, na sioni ajabu.

Kwa familia zetu za Kikongo na nyingine zinazoongea Kiswahili huku Marekani: ikiwa mtoto hajatimiza miaka 3, mzazi anaweza kupiga simu mwenyewe kwenye ofisi ya jimbo lake ya huduma za mapema kwa watoto wadogo (Early Intervention). Barua ya daktari si lazima, wala si lazima usonji uwe umeshathibitishwa. Tathmini ni bure. Tangu siku jina la mtoto linapopokelewa, wana siku 45 za kumpima na kukaa na familia kupanga huduma. Omba mkalimani wa Kiswahili hapo hapo kwenye simu, na usikubali kaka mtu wa miaka kumi afanye kazi hiyo.