Je, wajua kwa nini pikapu ya kawaida iliyofungwa vifaa haiwi sawa na ile iliyoundwa kiwandani kwa ajili ya njia mbovu?

Anayetaka pikapu ya kupita kwenye mawe, mchanga na matope ana njia mbili. Anaweza kununua ile ya kawaida, ya bei ya chini kabisa kwenye orodha, kisha akaipeleka gereji ikafungwe matairi makubwa, springi ndefu, shokapu nzito, bampa ya chuma na winchi. Au anaweza kulipa zaidi tangu mwanzo akachukua toleo lililoundwa kiwandani kwa kazi hiyo, kama Ford Raptor, Chevrolet Colorado ZR2 au Jeep Gladiator Rubicon. Wengi huamini kwamba njia ya kwanza ni nafuu na matokeo ni yaleyale. Unafuu huenda ukawepo. Matokeo ndiyo hayawi yaleyale, na sababu kubwa imejificha chini ya gari, kwenye urefu wa mikono inayoshika magurudumu ya mbele.

Pikapu nyingi za siku hizi zina sasipensheni huru mbele, maana yake kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Gurudumu hilo limeshikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na shafti inayolizungusha hupita kwenye jointi ambazo zinaweza kujikunja kwa pembe fulani tu. Ukiweka kipande cha kuinulia gari juu ya springi, bodi hupanda, lakini mikono haijarefuka hata kidogo. Ulichoongeza ni kimo. Masafa ya gurudumu kupanda na kushuka yamebaki vilevile, na sehemu ya kushuka imeliwa, kwa kuwa gurudumu sasa linakaa likiwa limeshushwa tayari. Gari linapovuka shimo, mkono hufika mwisho wake mapema na gurudumu hubaki likining'inia hewani, bila kugusa ardhi inayolihitaji. Jointi nazo zinazunguka zikiwa zimepinda muda wote, mpira unaozifunika hupasuka, vumbi huingia, na grisi hutoka. Ndiyo sababu mafundi wanaoijua kazi hii huwa waangalifu sana wanapopita kimo cha sentimita 5 hivi kwenye gari la aina hiyo. Zaidi ya hapo inabidi difu ya mbele, yaani boksi la gia linalozungusha magurudumu ya mbele, ishushwe au mikono ibadilishwe, na gharama hubadilika kabisa.

Sasa tazama kiwanda kilivyofanya. Ford ilipoonyesha Ranger Raptor mwaka 2018, nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ilikuwa imepanuliwa kwa milimita 150 ukilinganisha na Ranger ya kawaida. Colorado ZR2 ya mwaka 2017 ilipanuliwa kwa inchi 3.5 na kuinuliwa kwa inchi 2. Upana huo una kazi mbili. Kwanza, mkono mrefu huliwezesha gurudumu kwenda juu na chini zaidi bila jointi kuzidiwa na pembe. Pili, gari lililoinuliwa huwa jepesi kupinduka kwa sababu kitovu cha uzito wake kimepanda, na kulipanua ndiyo njia ya kurudisha uthabiti. Atakayeinua bila kupanua amechukua nusu ya dawa.

Shokapu ni habari nyingine inayostahili muda. Watu hudhani kazi yake ni kulainisha safari, kumbe kazi yake hasa ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupita kwenye vitundu vidogo. Mafuta yanapopita kwa shida, nguvu ya springi inayorukaruka hutulia na joto hubaki. Kwenye barabara ya vumbi iliyojaa mikunjo midogo iliyofuatana, shokapu hupigwa mara nyingi kila sekunde, kilomita baada ya kilomita. Mafuta hupata moto, huwa mepesi, huchanganyika na gesi na kutoa povu, na kuanzia hapo shokapu haizuii kitu. Dereva huhisi gari likianza kuteleza mkia kwenye kona ambayo dakika ishirini zilizopita lilipita vizuri. Raptor ya kwanza, ile F-150 ya mwaka wa modeli 2010, ilikuja na shokapu za Fox zenye njia za ndani zinazobadilisha ugumu kulingana na mahali pistoni ilipo: laini katikati, ngumu zaidi karibu na mwisho, ili gari lisigonge chini kwa kishindo. ZR2 ilikuja na shokapu za Multimatic, zinazopitisha mafuta kwenye vali za aina tofauti na zile za kawaida.

Je, shokapu za namna hiyo zinaweza kununuliwa na kufungwa baadaye? Ndiyo, na nyingine ni bora kuliko za kiwandani. Lakini kiwanda kilikuwa na muda wa kulinganisha springi, shokapu, mpira wa kuzuia kugonga, breki na kompyuta ya kuzuia gari lisiserereke, vyote vikiwa kwenye gari moja lenye uzito unaojulikana. Gereji hulazimika kukisia. Kinachonunuliwa kwa ile bei ya juu, kwa maoni yangu, ni ulinganifu huo kuliko vipuri vyenyewe.

Hesabu ya matairi inaonyesha jambo hilo wazi. Tuseme pikapu ina matairi yenye kipenyo cha inchi 30 na mwenyewe anafunga ya inchi 33. Nafasi chini ya ekseli inaongezeka kwa inchi 1.5 tu, yaani nusu ya ongezeko la kipenyo. Upande wa pili, mzingo wa tairi umeongezeka kwa asilimia 10. Spidomita ikionyesha 100, gari linakwenda 110. Injini sasa inasukuma kana kwamba gia zimerefushwa kwa asilimia 10, kwa hiyo mlimani gari linakosa nguvu na giaboksi ya otomatiki inahangaika kati ya gia mbili. Kurudisha hali ya awali kunahitaji kubadilisha gia za difu, mfano kutoka uwiano wa 3.73 hadi 4.10, na kwenye 4x4 kazi hiyo hufanywa mbele na nyuma. Tairi kubwa pia ni zito, breki zilezile zinapaswa kulisimamisha, na mara nyingi tairi la akiba halitoshi tena mahali pake chini ya bodi. Toleo la kiwandani limeshapita huko kote kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Hata hivyo siwezi kumwambia kila mtu anunue toleo la kiwandani, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji kwa sauti: mzigo. Ranger Raptor ilipata ulaini wake kwa kuacha springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa, na kuwekewa za koili. Ranger za kawaida nyingi hubeba karibu tani moja. Raptor hubeba takriban kilo 600 hadi 750 kutegemea soko na modeli. Kuvuta nako, kilo 3,500 zilishuka hadi 2,500.

Kilo 650 zinasikika nyingi. Weka watu wazima wanne, kilo 320. Bampa ya chuma na winchi, kilo 100 au zaidi. Kifuniko kigumu cha bodi ya mizigo, kilo 70. Lita 80 za maji, kilo 80. Umefika 570, na bado hujapakia hema, friji, vifaa, chakula, wala tairi la pili la akiba. Shokapu ghali zilizopangwa kwa gari jepesi sasa zinabeba gari lililolala chini. Anayekusudia kusafiri na nyumba yake mgongoni kwa wiki nzima anahudumiwa vizuri zaidi na pikapu ya kawaida yenye springi za bapa zilizochaguliwa kulingana na uzito halisi. Mtu anayehitaji kabini moja na bodi ndefu naye huwa hana la kuchagua, maana matoleo haya kwa kawaida huja na kabini ya milango minne na bodi fupi.

Pikapu ya kawaida ina faida nyingine zinazodharauliwa. Rimu zake mara nyingi ni za chuma na ni ndogo, na ubavu wa tairi ukiwa mrefu, tairi linaweza kupunguzwa upepo kwenye mchanga bila hofu kubwa ya kuharibu rimu. Shokapu zake zikifa zinatupwa na kufungwa nyingine kwa bei ndogo, wakati zile za kisasa huhitaji fundi mwenye zana za kuzifungua, kubadilisha sili na kujaza gesi ya naitrojeni upya.

Kwa hiyo mimi hupima kwa swali moja: kipi hakiwezi kuongezwa baadaye bila kulifungua gari tumbo? Matairi, shokapu, bampa, taa na bamba za kulinda chini vinafungwa kwa bolti wakati wowote. Loki ya difu, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, inahitaji ekseli ifunguliwe na gia zake zipangwe upya kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Gia ya nguvu, ile ya 4x4 ya mwendo wa polepole, nayo iko hivyohivyo. Gladiator Rubicon ina uwiano wa 4:1 kwenye gia hiyo, wakati Gladiator Sport ina 2.72:1, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha dereva kupanda mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuchoma klachi wala kukanyaga breki muda wote. Rubicon pia ina loki mbele na nyuma. Kwa anayependa mawe, kuvifunga vyote hivyo kwenye gari la kawaida ni kununua Rubicon kwa njia ndefu.

Mara nyingi jibu huwa katikati. Toyota Tacoma TRD Off-Road hutoka kiwandani na loki ya difu ya nyuma. Ukipanda hadi TRD Pro unaongezewa shokapu za Fox na mengine. Anayejua kwamba atabadilisha shokapu kwa sababu ya mzigo wake hana haja ya kulipia zile za Pro kisha azivue. Achukue toleo lenye loki, aache lenye shokapu.

Waranti isisahaulike. Marekani ina sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayozuia mtengenezaji kufuta waranti nzima kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Lakini akionyesha kwamba kifaa hicho ndicho kilichosababisha hitilafu, gharama ni yako. Kwingine soma mkataba mwenyewe, na bima iambiwe kila badiliko kwa maandishi. Magari yenye rada nyuma ya grili yahitaji bampa iliyotengenezwa kwa ajili yake, la sivyo breki za dharura za kiotomatiki zinaweza kukosea.

Atakayechagua la kawaida aanze na matairi mazuri yenye ukubwa wa karibu na yale ya awali, alitumie hivyo, kisha alipakie kama atakavyosafiri, na abiria ndani na tangi likiwa limejaa, alipeleke kwenye mizani. Springi na shokapu ziagizwe baada ya hapo, kwa kilo zilizosomwa mbele na nyuma.