Rimini si miavuli tu, jamani

"Rimini? Si ule mji wa miavuli?" Nimeulizwa tena, mimi mwongoza watalii wa mji huu wa pwani ya Italia, safari hii na mteja aliyesema mambo ya kale atayaona Roma, huku aje kuogelea tu. Leo niseme yaniishe rohoni.

Miavuli ya ufukweni ipo, sikatai. Imejipanga safu kwa safu, kila kiwanja na namba yake, na bahari ina kina kifupi kiasi kwamba mtoto hutembea mbali kabla maji hayajamfika kifuani. Ila biashara hiyo ilianza 1843, lilipofunguliwa jengo la kwanza la kuogea baharini. Grand Hotel ikafuata 1908. Warumi walikuwa wameuanzisha mji wenyewe tangu 268 KK, wakauita Ariminum. Piga hesabu mwenyewe.

Mchawi ni reli. Imepita katikati: ufukwe upande mmoja, mji mkongwe upande wa pili. Mgeni anashuka stesheni, anawafuata wenye mataulo, basi, kaiona Rimini.

Tao la Augusto, kaisari wa Roma, la 27 KK, ni lango ilipoishia barabara ya Flaminia kutoka Roma. Piga picha, twende.

Sasa daraja. Hapa ndipo ninapokosa subira. Kwa kuwa linaitwa la Tiberio, kaisari aliyemfuata Augusto, kila mtu anakwambia Tiberio ndiye aliyelijenga. Kazi ilianza mwaka 14 BK chini ya Augusto, akafa mwaka huohuo, Tiberio akaja kumalizia mwaka 21. Wala si siri: tazama ukingo wa daraja kwa ndani, majina ya wote wawili yamechongwa pale, mchana kweupe. Kisha shuka chini uangalie nguzo zinazobeba yale matao matano ya mawe ya Istria, rasi ya ng'ambo ya bahari. Zimekaa mshazari, zikifuata mkondo, ili mto usizigonge ubavuni. Fundi aliyefikiria hivyo alijua maji. Na wale wanaosema mji wote umejengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia: ni kweli mabomu yaliubomoa vibaya, lakini daraja hilo halikuanguka.

Malizia Piazza Ferrari, kwenye nyumba ya tabibu mpasuaji. Iliungua karne ya 3, ikafukuliwa kuanzia 1989, na ndani vikatoka vifaa vya upasuaji zaidi ya 150, kimojawapo cha kuchomolea vichwa vya mishale. Sisi waongoza watalii tunamwita tabibu huyo Eutyches kama vile tumeona kitambulisho chake. Jina lenyewe limetoka kwenye maandishi yaliyokwaruzwa ukutani, yakimsifu Eutyches kuwa mtu mwema. Huenda ndiye. Huenda pia alikuwa mgonjwa, au rafiki wa mgonjwa. Mimi naendelea kulitaja, maana ukisema "tabibu fulani" wageni wanaanza kuchungulia simu.

Ukitoka hapo, kuogelea ruksa.