Simu, Katuni na Hasira za Mtoto Mdogo: Maswali na Majibu

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na wazazi wa hapa Pemba.

Mwanangu wa miaka 3 nikimchukulia simu hujitupa chini na kulia mpaka nimrudishie. Je, simu imemharibu?

Hajaharibika, bali amejifunza. Mtoto wa umri huu bado hajamudu kujituliza mwenyewe, na kila anapopewa simu ili anyamaze hukosa nafasi ya kujizoeza, huku akitambua kwamba kilio ndicho kinachoileta simu. Tena katuni za mtandaoni hufuatana bila ya kikomo, kwa hiyo kwake hakuna pahala pa kuishia. Mtangulizie neno, "Hii ikisha, basi," na ikisha aizime kwa kidole chake mwenyewe; akilia, kaa karibu naye wala usimrudishie. Siku za mwanzo kilio huweza kuzidi, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa.

Muda gani unafaa?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kuzungumza kwa video na baba aliyeko Muscat ni jambo jengine, kwa sababu hapo yupo mtu anayemjibu.

Na usiku?

Mwanga wa skrini huchelewesha homoni ya usingizi, na mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku. Ukaidi wa asubuhi wakati wa kwenda chuoni, yaani madrasa, huenda ni usingizi uliopungua tu. Baada ya Magharibi, simu ipande juu ya kabati.

Nikiwa jikoni nimpe nini?

Mpe ungo na mbaazi mbichi amenye. Nusu zitamwagika, si neno.

Je, simu zetu wazazi zinahusika?

Zinahusika sana, na hili ndilo linalosahauliwa. Mtoto akija kibarazani kukuonesha kombe aliloliokota pwani, nawe ukaitikia "eeh" bila ya kuinua macho, atakuita tena kwa sauti kubwa zaidi, na mara ya tatu atakurushia. Hapo tutasema ni mtundu, ilhali alianza kwa adabu. Ikiwa ujumbe ni wa lazima, mwambie, "Namjibu shangazi yako, nikisha nitalitazama kombe lako," kisha ulitazame kweli.